VIINI VIFUNDISHWAPO KWATA: Elimu ya Sumaku na Watoto wa Mbale

Na Afisa wa Uhusiano wa Jeshi

NKOMA, MBALE — Kila askari aliyepata kupeleka taarifa ya doria kwa mkubwa wake anaijua sheria hii: heri taarifa fupi yenye ukweli kuliko taarifa ndefu iliyopambwa. Mkuu wa kikosi aambiwapo, "Afande, tumeona watu watatu, mengine giza limetuzuia," aweza kupanga kazi yake. Aambiwapo habari tamu ambazo macho ya doria hayakuziona, atawapeleka vijana wake mautini.

Sheria hiyo imewakabili pia matabibu wa ubongo, na mahali ilipopimwa si mbali nasi. Ni hapa hapa Mbale, chini ya Mlima Masaba, katika Hospitali ya Watoto ya CURE, ambako mama wa Nkoma hukaa benchi moja na mama aliyetoka Karamoja au Busoga, kila mmoja amempakata mtoto mwenye maradhi ya kujaa maji kichwani. Makala haya yanaeleza jinsi elimu ya vitu vidogo kuliko vyote, yaani viini vya atomu na elektroni, inavyogusa uhai wa watoto hao, na kwa nini askari na polisi wa nchi hii wanapaswa kuielewa.

MARADHI YENYEWE

Ndani ya kichwa cha kila binadamu mna maji safi yanayouzunguka ubongo na kupita katika vyumba vyake. Njia ya maji hayo ikiziba, maji hujaa, vyumba hupanuka, na kichwa cha mtoto mchanga, ambacho mifupa yake bado haijashikamana, hukua kupita kiasi. Asipotibiwa mapema, ubongo hubanwa, macho hupoteza nuru, na aghalabu mtoto hufariki au huishi na ulemavu mkubwa.

Daktari Benjamin Warf, mpasuaji wa ubongo kutoka Marekani, alifika Mbale mwanzoni mwa karne hii. Mwaka 2005 alichapisha matokeo ya uchunguzi wa watoto 300 waliotibiwa hapa. Katika watoto 60 kwa kila 100, maradhi yalitokana na maambukizo yaliyoupata ubongo, mengi yakianza mtoto angali mchanga kabisa. Mwaka 2020 kundi la wataalamu wa Uganda na Marekani lilitangaza kwamba katika watoto wengi wa namna hiyo walikuwa wamegundua bakteria iitwayo Paenibacillus.

Tiba ya zamani ilikuwa kumwekea mtoto mpira mwembamba wa kuyatoa maji kichwani na kuyapeleka tumboni. Mpira huo huokoa maisha, lakini waweza kuziba siku yoyote, na mtoto aishiye mbali na hospitali aweza kufa kabla hajafikishwa kwa mpasuaji. Warf na wenzake wa Uganda waliendeleza njia nyingine: kutoboa tundu dogo ndani ya ubongo ili maji yapate njia mpya, na kuunguza sehemu ya utando unaoyatengeneza maji hayo. Mwaka 2017 matokeo ya jaribio la watoto wachanga 100 wa Mbale yalionyesha kwamba, baada ya miezi 12, hapakuwa na tofauti kubwa ya maendeleo ya akili kati ya waliopata njia hii na waliowekewa mpira.

Lakini kabla ya kushika kisu, mpasuaji hana budi kuona. Hospitali hutumia mashine ya CT, ambayo hupiga picha kwa eksirei. Kwa mtoto mchanga atakayepigwa picha mara kwa mara, miale hiyo si kitu cha kuzoea. Mashine ya picha za sumaku, iitwayo MRI, haina miale hiyo hata kidogo. Tatizo lake ni bei, uzito, heliamu ya kimiminika inayoipoza sumaku yake, na umeme usiokatika. Ingawa nguvu za Mto Nile zimezalisha umeme pale Jinja tangu bwawa la Owen Falls lilipofunguliwa mwaka 1954, hospitali nyingi za wilaya hazina uhakika wa umeme wa mchana na usiku.

PICHA HUTOKA WAPI

Mwili wa binadamu kwa sehemu kubwa ni maji, na kila tone la maji limejaa haidrojeni. Kiini cha atomu ya haidrojeni kina tabia ya asili iitwayo spini, nayo hukifanya kiwe kama sumaku ndogo mno. Pasipo uga wa sumaku, viini hivyo hutazama kila upande, kama makuruta siku ya kwanza kambini, huyu akitazama jikoni na yule akitazama langoni.

Wakitiwa ndani ya uga wa sumaku, makuruta hao hupata upande wa kutazama. Hata hivyo hawatii wote, kwa maana joto la mwili huwasukasuka daima. Katika mashine kubwa ya hospitali yenye nguvu ya tesla 3, kwa kila viini 1,000,000, kiasi cha viini 500,005 huelekea upande wa uga na viini 499,995 huelekea kinyume. Ziada ni 10 tu! Hao wa kinyume hufuta kazi ya wenzao, na ishara yote inayopokelewa na mashine hutoka katika ziada hiyo ndogo. Wataalamu huuita wingi huo wa upande mmoja polarizesheni.

Msomaji sasa ataona ugumu ulipo. Ukipunguza sumaku ili mashine iwe rahisi na nyepesi, ziada nayo hupungua. Katika sumaku ya tesla 0.05, ambayo ni moja ya sitini ya ile kubwa, ziada ni viini 17 hivi katika kila viini 100,000,000. Ishara ya namna hiyo ni kama sauti ya mlinzi mmoja anayenong'ona kando ya maporomoko.

Elimu hii ilizaliwa na vita. Edward Purcell na Felix Bloch, waliogundua kila mmoja kwa upande wake namna ya kuisikia ishara ya viini katika vitu vigumu na vimiminika, walikuwa wamefanya kazi katika maabara za Marekani zilizohusika na rada wakati wa Vita Kuu ya Pili. Ugunduzi wao ulitoka mwishoni mwa mwaka 1945 na mwanzoni mwa mwaka 1946, wakati ambapo vita vya Burma, walivyopigana askari wa KAR pamoja na batalioni ya 4 ya Uganda, vilikuwa vimekwisha. Mwaka 1952 wawili hao walipewa Tuzo ya Nobel.

KAZI YA MBARARA

Wataalamu wetu hawakukaa kungoja mashine ya bei kubwa. Mhandisi Johnes Obungoloch wa Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia cha Mbarara, akiwa pamoja na Steven Schiff na wenzao wa Marekani, walichapisha mwaka 2018 mpango wa mashine ya sumaku kwa ajili ya watoto wenye maji kichwani. Mbinu yao ilikuwa hii: uga wenye nguvu zaidi huwashwa kwa kitambo kifupi ili kuvikusanya viini upande mmoja, kisha huzimwa, na picha husomwa katika uga dhaifu kabla viini havijatawanyika. Ni sawa na sajenti anayefoka mara moja, "Mguu sawa!", halafu afisa akapita upesi kukagua safu kabla haijalegea.

Baadaye Andrew Webb na wenzake wa Leiden, Uholanzi, walishirikiana na Mbarara kuunda mashine ya namna nyingine, isiyotumia heliamu. Sumaku yake ni pete 23 zilizojazwa vipande vidogo vya sumaku za kudumu, nayo ina tesla 0.05. Vifaa vyote na zana zake vililetwa Uganda kwa ndege. Wakufunzi wanne na watu sita wasio na mafunzo ya kazi hiyo waliijenga, na tangu kupokea mizigo hadi kuipata picha ya kwanza zilipita siku 11 hivi. Habari hizo zilichapishwa mwaka 2023. Hili ni jambo la kujivunia, kwa sababu chombo kilichojengwa kwa mikono ya wenyeji chaweza pia kutengenezwa na wenyeji siku kitakapoharibika.

PICHA ILIYOPAMBWA

Hapa ndipo tunaporudi kwenye taarifa ya doria. Picha za sumaku dhaifu zina ukungu. Je, zafaa kwa mpasuaji? Mwaka 2021 yalichapishwa matokeo ya uchunguzi uliotumia picha za watoto waliokuwa katika jaribio la matibabu nchini Uganda. Picha nzuri za CT zilichafuliwa kwa makusudi ili zifanane na za mashine dhaifu, kisha baadhi yake zikasafishwa na programu ya kompyuta iliyofunzwa kupamba picha. Wapasuaji watatu wazoefu waliulizwa kama wangeweza kuzitumia kupanga matibabu.

Majibu yalikuwa na mafunzo mawili. La kwanza ni la faraja: picha hafifu, ambazo hospitali ya kitajiri ingezitupa, ziliweza kufaa kwa kazi hii, kwa kuwa mpasuaji hutaka hasa kujua ubongo uko wapi na maji yako wapi. La pili ni la onyo: picha zilizopambwa na kompyuta zilipendeza macho, lakini baadhi yake zilikuwa na makosa ya umbo yanayoweza kumpotosha mpasuaji. Kompyuta iliweka mahali pa ukungu kitu ilichodhani kwamba kipo. Ndiyo ile doria iliyoripoti watu wasiokuwapo.

Basi ikiwa kuipamba taarifa ni hatari, imebaki njia moja ya heshima: kumwezesha mpelelezi aone vizuri zaidi, yaani kuikuza ishara pale inapotoka. Hapo ndipo elektroni inapoingia.

ELEKTRONI NI KOPLO

Elektroni nayo ina spini, na nguvu yake ya sumaku ni mara 658 ya ile ya kiini cha haidrojeni. Kwa hiyo hutii uga upesi kuliko kiini. Tuchukue kitu kigumu kilichopozwa hadi nyuzi 272 hivi chini ya sifuri na kutiwa katika uga wa tesla 3.35. Elektroni zisizo na wenzi ndani yake zitakuwa na ziada ya zaidi ya 95 katika kila 100, ilhali viini vya haidrojeni vilivyo jirani nazo vina ziada ya 3 tu katika kila 1,000. Makoplo wamesimama wima, makuruta bado wanahangaika.

Swali likawa: je, koplo aweza kumfundisha kuruta? Mwaka 1953 kijana Albert Overhauser, mwenye umri wa miaka 27, alisema kwamba yawezekana. Aliandika kuwa katika metali, ukizisumbua elektroni kwa mawimbi ya redio yaliyo katika masafa yake, viini vitapata mwelekeo mkubwa ajabu. Wakuu wengi wa elimu hiyo walitia shaka. Mwaka huo huo Thomas Carver na Charles Slichter, katika Chuo Kikuu cha Illinois, walijaribu kwa metali ya lithiamu, na ishara iliyokuwa imezama katika makelele ikatokea wazi. Mwenye shaka alinyamaza.

Mwaka 1958 Anatole Abragam na Warren Proctor, wakiwa Ufaransa, walionyesha njia ifaayo kwa vitu vigumu visivyo metali. Katika kitu hicho hutiwa elektroni chache zisizo na wenzi. Kila elektroni imeungana na viini vilivyo karibu kwa mvuto wa sumaku zao. Kisha hupelekwa mawimbi mafupi ya redio, yaitwayo maikrowevu, ambayo masafa yake hayako sawasawa na ya elektroni, bali yamepanda au kushuka kwa kiasi cha masafa ya kiini. Mawimbi hayo hayawezi kugeuza elektroni peke yake, wala kiini peke yake. Huvigeuza vyote viwili kwa pamoja, kama koplo na kuruta wageukao kwa amri moja.

Baada ya hapo elektroni hurejea upesi mahali pake, kwa sababu hutii uga haraka, ikawa tayari kushika kiini kingine. Kiini kilichogeuzwa hakirudi upesi. Katika baridi kali chaweza kudumu na mwelekeo wake kwa muda mrefu, hata saa nzima na zaidi. Viini vilivyo mbali navyo havikosi fungu lao, kwa kuwa viini jirani hubadilishana mielekeo, kama amri ipitishwavyo kwa kunong'ona safu kwa safu usiku wa kuvizia, hadi mtu wa mwisho akaipata bila kumwona aliyeitoa.

Uzuri wa mbinu hii ni kwamba mwelekeo una mwenye kuuongoza. Mtaalamu akishusha masafa chini kidogo ya yale ya elektroni, viini huelekea upande mmoja. Akiyapandisha juu kidogo, huelekea upande wa pili. Ndivyo asemavyo mwalimu wa kwata, "Kulia geuka!" au "Kushoto geuka!", na uwanja mzima ukamfuata.

Lakini kila jeshi linajua kwamba wakubwa wakizidi watu, kazi huharibika. Elektroni zikiwa nyingi mno ndani ya kitu, huvisumbua viini na kuvipotezea mwelekeo upesi. Zikiwa chache mno, makuruta wa pembeni hawafikiwi. Kazi kubwa ya wataalamu imekuwa kutafuta kipimo cha haki baina ya hayo mawili.

MATUNDA NA MIPAKA

Mwaka 2003 Jan Henrik Ardenkjær-Larsen na wenzake walionyesha kwamba kitu kilichopozwa na kufundishwa namna hiyo chaweza kuyeyushwa ghafla kwa maji ya moto, na viini vikabaki na mwelekeo wake. Ishara katika kimiminika ilizidi ya kawaida zaidi ya mara 10,000. Mwaka 2013 yalichapishwa matokeo ya majaribio ya kwanza kwa binadamu, yaliyofanyika California kwa wagonjwa 31 wa saratani ya tezi dume. Walidungwa kitu ambacho mwili hukitengeneza wenyewe unapochoma sukari, na mashine ikaona jinsi uvimbe unavyokitumia. Upungufu wake ni kwamba nguvu hiyo hupotea kwa dakika chache, kwa hiyo mgonjwa na mashine sharti wawe karibu.

Kifaa cha baridi kali namna hiyo si cha kituo cha afya cha kijijini, na msomaji asidanganywe kwamba kesho kitafika Mbale. Lakini njia nyingine zinatafutwa. Mwaka 2014 watafiti wa Japani walitangaza kwamba, kwa kuziamsha elektroni ndani ya fuwele kwa mwanga wa leza, walivipa viini vya haidrojeni ziada ya 34 katika kila 100, katika joto la kawaida la chumba na uga wa tesla 0.4 tu. Hiyo ni mara 250,000 ya kawaida. Jambo hilo bado ni la maabara, wala halijawa tiba. Hata hivyo limethibitisha kuwa nguvu ya ishara haitegemei ukubwa wa sumaku peke yake, na kwa nchi isiyo na fedha za kununua sumaku kubwa kila wilaya, hilo ni neno zito.

Wengine watauliza: jeshi na polisi wanapata nini? Kanuni ya Overhauser imekwisha kuingia kazini kwa namna nyingine. Kipo chombo cha kupima uga wa sumaku wa dunia, kinachobeba kimiminika chenye elektroni zisizo na wenzi, ambazo hukuza ishara ya viini vya haidrojeni. Chombo hicho hutumia umeme kidogo na hupima kwa usahihi mkubwa. Wapimaji wa madini hukitumia, na hutumika pia kutafuta vyuma vilivyofukiwa, yakiwamo mabomu yasiyolipuka. Setilaiti ya Denmaki iitwayo Ørsted, iliyorushwa mwaka 1999, ilibeba kimoja. Nchi yetu, iliyotangaza mwaka 2012 kwamba imekamilisha kuondoa mabomu ya ardhini katika maeneo yaliyojulikana, inaelewa vema thamani ya kuona kilichofichwa chini ya udongo.

WAJIBU WETU

Ndugu askari na polisi, tuliopitia viwanja vya gwaride vya Jinja na kwingineko tulifundishwa kwamba watu wachache wenye mpango huwashinda wengi wasio na mpango. Mwenyezi Mungu ameiweka kanuni hiyo hata ndani ya tone la maji. Kijana wa kambini mwenye mkono wa redio au umeme asidhani kwamba fizikia ni elimu ya watu wa mbali. Miongoni mwa walioijenga mashine ya Mbarara, sita hawakuwa na mafunzo ya kazi hiyo.

Tena tuwe macho nyumbani. Familia nyingi za askari zina watoto wachanga. Mama au baba akiona kichwa cha mtoto kinakua kupita kiasi, utosi umevimba na kukaza, macho yanatazama chini daima, au mtoto anatapika na kulala kupita kawaida, asingoje likizo wala mshahara. Ampeleke kituo cha afya siku hiyo hiyo, na aombe apimwe mzingo wa kichwa. Mtoto mchanga mwenye homa naye hapaswi kutibiwa kwa kubahatisha, maana katika watoto wa Mbale mengi yalianzia katika maambukizo ya siku za kwanza.

Wataalamu wanaendelea kuvifundisha viini kwata ili picha ya kesho iwe kweli tupu. Sisi wazazi tuna kazi ya leo: kumfikisha mtoto mbele ya daktari kabla maji hayajaubana ubongo.